Sura ya Thelathini na Mbili

Kitale, Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi

Nyanya yangu, mke wangu wa kwanza,

Kabla hujauliza kama nakula, jua kwanza umeolewa na mtu wa namna gani. Mfalme Sulemani, pamoja na hekima zake zote na wale wake zake mia saba, kitabu chake cha Methali kilifika sura ya thelathini na moja kikaishia hapo. Mimi Komora, mjukuu wako, niliyetoka shule kidato cha pili bila cheti wala kiatu cha kushoto, nimemwongezea sura ya thelathini na mbili. Kenya nzima hakuna mwingine. Maaskofu hawajathubutu. Basi ukienda kuteka maji waambie wale wanaokucheka kwamba mumeo mdogo hana kazi: mumeo amefanya kazi ambayo mfalme aliiacha.

Sasa shikamoo. Magoti yanasemaje? Yule jogoo wako mwenye jicho moja bado anaiba mpunga ulioanikwa, au mlishamla mkanisahau? Raheli aliniambia kwamba mliporudi kutoka kule juu barabarani mlikokimbilia maji yalipojaa, mlikuta nyumba imesimama lakini tope limefika kwenye kitanda cha kamba. Pole sana, Nyanya. Pole na kwa mihogo iliyooza ardhini. Nimefurahi kusikia kwamba mpunga mlioupanda kwenye tope hilohilo umekubali, na Mama anashinda shambani kama zamani akigombana na ndege. Mimi mwili ni mzima. Mashavu yamejaa kidogo, na hii si kujisifu, hata kioo cha kinyozi kimeshuhudia.

Najua ni dada yangu Raheli anayekusomea hii, ameketi kwenye kile kiti chake cha plastiki kilichopasuka mguu. Dada, soma pole pole na usiruke mahali. Ukifika mahali unatamani kuruka, hapo ndipo usome kwa sauti. Simu nimeikimbia makusudi. Kwenye simu Nyanya hunichekesha, nami humchekesha, salio linaisha na jambo limebaki lilipokuwa. Na safari hii jambo haliwezi kubaki. Linahusu yale maneno niliyoyaandika juu ya kaburi la Babu, yale unayoyasema kila asubuhi, Nyanya, na lazima ulijue kabla ya ile Jumapili ya kumbukumbu yake.

Lakini niache nianzie huku, nikianzia huko nitakwama.

Kitale ni mji wa baridi. Asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama sufuria. Wananiita Mpwani, na nikiwaambia kwetu ni Idsowe, karibu na Garsen, wanauliza kama ni kweli mto una mamba. Nawaambia mamba wetu nawajua kwa majina na wengine tulisoma nao. Embe moja huku linafunikwa kwa karatasi kama dawa. Niliwaambia kwetu msimu ukifika mbuzi huchagua embe la kula, wakasema Mpwani ameanza.

Kazi yangu unaijua, naandika mabango. Majina ya maduka, bucha, vinyozi, mikahawa, hata migongo ya lori. Nyanya, ninavyoandika herufi S, watu wazima husimama. Tajiri mmoja wa mbolea alitaka kuning'oa na ukuta wake anipeleke nyumbani. Na mimi sina bango la kutoka hivihivi, kila bango nilikuwa nalitilia mstari wa Maandiko chini, bure, kama chumvi. Ndiyo maana stendi nzima wananiita Pasta.

Mistari nilikuwa naitoa wapi? Hapahapa kichwani. Kinyozi nilimwandikia kwamba mtu asimwendee mfalme na nywele za jana, nikatia Wafalme na namba. Mwenye bucha nikampa kitu kuhusu Esau na mapaja ya mbuzi. Fundi wa viatu nikamwambia Musa alipoambiwa avue viatu ni kwa sababu vilikuwa vimechanika, na hiyo nikaiandika Kutoka, sura na mstari. Hakuna aliyeuliza. Tena walikuwa wakishukuru. Mtu akiona namba mbili na nukta mbili katikati, moyo wake unakaa chini.

Ndipo nikafika kwa Mama Naliaka.

Mama Naliaka ana hoteli ya chai na maharagwe nyuma ya stendi. Ni mwanamke mnene, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kwenye kwaya ya kanisa lake anaimba sauti ya pili. Alinipa ukuta wote wa mbele. Akasema niandike jina la hoteli, nichore kikombe kinachotoa moshi, na chini niweke mstari wowote wa Biblia unaohusu chakula. Kisha akasafiri kwenda kuzika jamaa yake, siku mbili.

Mstari wowote. Mtu akimwambia Komora wowote, ameacha zizi wazi. Nikaandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi kwamba mgeni akila akashiba, malaika huosha sahani. Methali 32:4. Mstari ulipendeza, Nyanya, usiniulize. Makanga mmoja akaja, akasoma, akasema mstari huo anaukumbuka vizuri, mamake alikuwa akiusema walipokuwa wadogo. Nilicheka nikaenda zangu. Sasa sicheki. Mamake hakuwahi kuusema, maana nilikuwa nimeuzaa mimi asubuhi ile nikiwa juu ya ngazi.

Mama Naliaka alirudi siku ya tatu, begi bado mkononi. Akasimama mbele ya ukuta. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kichwani, akaivaa tena.

"Kijana, Methali ina sura ngapi?"

"Nyingi, Mama."

"Ngapi?"

Nikamwambia inategemea imechapwa wapi.

Wateja wakaacha kutafuna. Akaingia ndani akatoka na Biblia iliyofunikwa kwa karatasi ya kalenda, akaiweka mezani kati ya sukari na chumvi. "Fungua mwenyewe," akasema. "Nionyeshe hiyo ya thelathini na mbili."

Kwanza kuipata Methali yenyewe ilikuwa safari. Nilianzia nyuma, nikapita kwa Waebrania, nikaingia kwa Wakorintho, nikatokea kwa Yona. Yule makanga aliyekuwa anaukumbuka mstari akasema, "Pasta, hii njia umepotea." Nilipofika mwishowe, thelathini na moja ikaisha, na chini yake ukurasa uleule kikaanza kitabu cha Mhubiri. Nikageuza. Nikarudisha. Nikasema labda Biblia yake ni ya zamani.

Mama Naliaka hakucheka. Akasema, "Hii ya mwisho ni maneno ya Lemueli. Iliyotangulia ni ya Aguri. Hata Sulemani mwenyewe hakuambiwa zote ni zake. Wewe ni nani?"

Nimejibizana na walimu, Nyanya, nimejibizana na askari wa kaunti pale Garsen sokoni. Kwa swali lile nilitazama kikombe nilichokichora.

Hakunifukuza. Alinipa msasa nikwangue mstari wangu mbele ya wateja, kisha akasema ukuta utabaki na pengo mpaka niwe nimesoma Methali yote kwenye meza ile, sura moja kila asubuhi, kwa sauti, chai juu yake. Asubuhi thelathini na moja. Nilidhani ni adhabu ya mtoto. Siku ya kwanza nilisoma kama mtu anayetembea juu ya miiba, na wale wa stendi wakawa wanakuja mapema kunisikiliza nikijikwaa. Ile sura ya mwisho inamsifu mwanamke hodari kwamba thamani yake inapita ya marijani. Nikamuuliza Mama Naliaka, huyu Marijani ni nani, maana Garsen tuna Marijani fundi wa baiskeli na sidhani mwanamke hodari anaweza kufananishwa naye. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye maharagwe. Kumbe ni kito, Nyanya, kitu cha kung'aa.

Nilijifunza mengine ambayo nitakuja kukuchosha nayo. Tunda la Edeni halikutajwa kuwa tofaa, ni tunda tu. Yona alimezwa na samaki mkubwa, nyangumi tumemtia sisi. Wale mamajusi hakuna aliyewahesabu kuwa watatu, na mimi kwenye mchezo wa Krismasi nilinyimwa nafasi kwa sababu watatu walikuwa wameshatosha, kumbe nilionewa. Na ule msemo kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia, ambao chifu wetu huutolea sura barazani kila mwaka wa njaa, haumo popote. Niliutafuta wiki nzima. Mama Naliaka akaniambia nikizidi kuulizia habari za kujisaidia atanionyesha choo kilipo.

Lakini ni asubuhi ile ya kwanza nataka kukuambia. Nilipofunga kitabu, aliniuliza polepole, "Mingine kama hii umeiandika wapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikijisifu bado. Kinyozi, bucha, fundi viatu, lori mbili za mahindi. Nikafika kidole cha kumalizia, nikakikunja tena. Akaniuliza wapi tena. Nikamwambia, kwa Babu.

Nyanya, yale maneno yaliyo juu ya kaburi hayamo kwenye Biblia. "Heri mtu yule aliyevusha wenzake, maana mto utalijua jina lake." Methali 32:7. Hakuna Methali 32. Ni yangu. Niliyatunga mimi Komora.

Raheli, kama umenyamaza, endelea kusoma.

Unakumbuka siku ya mazishi nilivyokuwa. Saruji ilikuwa haijakauka vizuri na mimi nimeshachuchumaa na brashi, natoa amri, mtu asikanyage hapa, mtu asitie kivuli. Mchungaji wetu wa zamani alikuwa mgonjwa, aliyekuja kuzika alikuwa na haraka, akanitazama nikiandika akasema vizuri sana. Na Mzee Barisa, yule Muorma ambaye Babu alikuwa akimvushia ndama wake kwa mtumbwi mto ukijaa, alisimama pembeni na fimbo yake. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akauliza, nabii gani amesema? Nikamwambia ni Nabii Suleimani. Akaitikia kwa heshima, amani iwe juu yake, akainamisha kichwa. Nilimwona, na bado nikaendelea kunyoosha mkia wa herufi.

Halafu ukaja wewe. Ukanishika bega ukaniambia nisome mara tatu. Mara ya tatu ulikuwa unasoma pamoja nami, wewe ambaye hujui herufi. Ukasema, "Kumbe ndiyo haya."

Nilijua ulichomaanisha. Babu alikuwa na mstari wake. Miaka yote aliyovusha watu pale kwetu, kabla ya kusukuma mtumbwi alikuwa akichezesha midomo, hakuna sauti inayotoka, na wewe ukimtania kwamba anahesabu abiria asije akamwacha mmoja. Hakuwahi kukwambia anasema nini. Alisema ni mambo yake na Mungu na maji. Basi mimi nikaja na brashi, nikakuambia kwamba Babu mwenyewe alinipa mstari huo mchana ule wa mwisho, niuandike. Na wewe ukaushika, kwa sababu ulikuwa umeungoja tangu ukiwa msichana.

Ningeweza kukuacha nao. Niliwaza hivyo siku nyingi, nikijiambia ni maneno mazuri na hayamdhuru mtu. Ila Raheli alipiga simu akiwa na furaha, akaniambia habari nne kwa pamoja. Kwamba maji ya mafuriko yalipita juu ya kaburi siku kadhaa, na yalipotoka herufi zilikuwa vilevile nyeusi, na wewe unawaambia watu kwamba Neno halifutiki. Nyanya, ile ni rangi ya mafuta, nilipiga mara mbili. Kwamba Mzee Barisa akipita na ng'ombe husimama na kuyasema yale maneno. Kwamba kina mama wa kanisa wanataka kuyatia kwenye leso za sare. Na kwamba mchungaji mpya, yule kijana anayependa kuwaambia watu wafungue pamoja naye, atahubiri Jumapili ya kumbukumbu kutoka kwenye mstari wa kaburi, na wewe utasimama mbele uuseme kwa kichwa.

Nikaiona Jumapili hiyo yote nikiwa nimesimama stendi na simu sikioni. Kanisa limejaa. Mchungaji anasema tufungue Methali. Kurasa zinageuka, zinageuka, zinafika mwisho. Watu wanatazamana. Na wewe umesimama pale mbele na leso yako mpya, umefunga macho, unausema.

Ndiyo maana naandika. Usisimame, Nyanya. Au simama, lakini si kwa huo.

Nimezungumza na Mama Naliaka, amekubali niache ukuta wake nusu. Nitapanda basi Jumatano ya wiki ile. Nitafika Ijumaa na msasa, brashi na kopo jipya, na sitaki mtu mwingine akwangue, hata Raheli. Nitapiga magoti palepale nilipochuchumaa. Kama utaniambia niache maneno yale yabaki nitayaacha, lakini nitaondoa ile Methali na namba zake na kuandika Komora chini yake, ili kila anayepita ajue ni ya nani. Na kama utaniruhusu kukwangua yote, nitaandika ule mstari wa kweli wa Babu.

Ninao. Nimeupata. Uko kwenye kitabu cha Isaya, sura ya arobaini na tatu, mstari wa pili. Mchungaji mpya akufungulie akusomee, sitaki mkono wangu uwe wa kwanza kuugusa. Ni Mungu anamwambia mtu kwamba akipita kwenye maji mengi yeye atakuwa pamoja naye, na mito haitamfunika. Nilipousoma kwenye meza ya Mama Naliaka nilimwona Babu amesimama nyuma ya mtumbwi na upondo wake wa kusukumia, midomo inakwenda. Nilijaribu kuusema bila sauti. Unachukua muda uleule, Nyanya. Tangu mguu wa mwisho uingie mtumbwini mpaka asukume, unaisha hapo. Hakuwa anahesabu abiria.

Nisalimie Mama, mwambie mkono wake wa kupiga makopo ya kufukuzia ndege naukumbuka, nao ulinifukuza na mimi mara nyingi kwa haki. Nisalimie shemeji, mume wa Raheli, mwambie pikipiki anayoiosha kila siku itaisha rangi. Mwenyekiti wa kina mama mwombe wasipeleke maneno kwa mchapa leso kwanza, na mkimweleza sababu, mwelezeni kwamba kosa ni langu, asije akakutazama wewe vibaya. Mchungaji mpya nisalimieni kwa adabu. Na Mzee Barisa akipita, mwambieni Nabii Suleimani hana hatia. Nitakuja kumwambia mwenyewe, lakini asiendelee kumsingizia kwa ajili yangu hata siku moja zaidi.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimeshakunja karatasi. Lakini wewe si mtu wa kudanganyika mara mbili, utamuuliza Raheli: huyu mtoto aliyekuwa akiitafuta Methali kwa Wakorintho, amejuaje kwamba mstari wa Babu uko kwa Isaya?

Nilijua kwa sababu aliniambia.

Mchana ule mlikuwa shambani wote, mpunga umeiva na ndege wamekuja, mkaniachia Babu. Nilikuwa nimemtoa kitanda barazani apate upepo. Nilikuwa nimeshavaa jezi. Garsen kulikuwa na mpira kwenye televisheni ya yule mwenye mkahawa wa samli, na rafiki yangu wa bodaboda alisema atanipitia. Babu akanyoosha mkono, akaniambia nitoe Biblia yake, alikuwa akiilalia. Akasema, "Nisomee ule wa mto."

Nikamuuliza, "Mto upi, Babu? Wa maji au huu wa kulalia?"

Akacheka. Kifua chake kilikuwa hakiwezi kucheka, lakini alicheka. Akasema, "Isaya. Wewe tafuta Isaya."

Sikujua Isaya anakaa wapi. Miaka yote ile ya shule ya Jumapili nilikuwa natoka kwa dirisha, na wewe unalijua hilo dirisha. Nikaona haya kumwambia. Tena nilikuwa nasikiliza barabara. Basi nikafungua popote, nikaweka kidole juu ya karatasi, nikakaza sauti kama mchungaji, nikasema, Heri mtu yule aliyevusha wenzake, maana mto utalijua jina lake. Yalitoka yenyewe. Hata mimi niliyapenda.

Babu aligeuza macho yake yale yaliyofunikwa na ukungu upande nilipo. Akasema, "Huo si wangu."

Nikamwambia ndivyo ulivyoandikwa hapa.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini si wangu. Tafuta tena, Komora. Mimi nipo."

Pikipiki ikapiga honi. Nikarudisha kitabu chini ya kichwa chake. Nikamwambia, "Kesho, Babu."

Sikumbuki nani alifunga bao. Nilirudi jua likizama, nikawasikia mkilia kabla sijashuka kwenye pikipiki. Ukanishika jezi, ukaniuliza kama alisema neno lolote. Nikakuambia alinipa mstari.

Hakunipa, Nyanya. Aliniomba.

Mumeo mdogo,
Komora